Upana wa Machela

Kabla ya njia kuwapo, vijiji vyetu viwili vilikuwa majirani wa kuonana moshi. Cha kwetu kiko chini, kaskazini ya Kigoma, nyumba zimebanana kati ya michikichi na mchanga wa kuanikia dagaa. Cha wenzetu kiko juu ya kilima, kwenye mihogo na maharage, mahali ambapo barabara ya magari kutoka mjini ilikuwa inaishia. Ziwa likitulia asubuhi tuliweza kuwasikia majogoo wao. Lakini ukitaka kwenda huko bila kupasua nguo kwenye miiba na kuteleza makorongoni, ulipanda boti mpaka Kigoma, ukatafuta gari la kupanda mlima, ukafika jua linazama. Tangu utotoni niliona kwamba huo ni upumbavu, na nilikuwa nasema hivyo kwa yeyote aliyekaa karibu nami.

Mimi ni wa pande zote mbili. Mama alizaliwa juu, Muha wa jembe. Baba alikuwa mvuvi, na ukoo wake ulivuka kutoka Kongo zamani sana, ukafikia Ujiji, kisha ukatawanyika ufukweni. Kwa hiyo juu nilikuwa na mama mdogo, mjane mwenye shamba zuri karibu na zahanati, na chini nilikuwa na mume, nyumba na vichanja vyangu vya dagaa.

Zahanati ndiyo iliyokuwa inaniuma. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa botini. Uchungu ulinianza mchana, wakanilaza juu ya mbao tukielekea Kigoma, upepo ukatugeukia, nahodha akaingiza boti kwenye ghuba isiyo na nyumba hata moja kusubiri ziwa litulie. Mtoto alilia kidogo, kisha akaacha. Nikiwa nimelala pale niliweza kukiona kilima, na juu yake paa la bati la zahanati. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Nimeeleza tu ili ijulikane kwa nini njia ile, kwangu mimi, haikuwa maneno ya mkutanoni.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mitumbwi ilitua ufukweni kwetu alfajiri na jioni, watu wa Burundi kwanza, baadaye na wa Kongo, huyu na godoro, yule na sufuria moja. Tuliwapokea kwa kile tulichokuwa nacho, kisha yakaja malori na maboti kuwachukua kwenda makambini, huko ndani Kasulu na Kibondo. Nyuma yao wakaja watu wa mashirika. Bwana mmoja wa shirika, mpole, viatu vimejaa mchanga, alituambia kwamba vijiji vilivyopokea watu navyo vitasaidiwa, hivyo tuseme tunachotaka.

Wanaume wakataka barabara. Mwenyekiti wetu wa kijiji alisimama akaitaja barabara kwa sauti ya mtu ambaye gari lake limeegeshwa nje. Nikanyoosha mkono. Nikawauliza kama wanajua kwamba barabara ya gari ina hifadhi yake pande zote mbili, na kwamba kila mchikichi utakaoangukia ndani ya hifadhi utapigwa alama nyekundu na kukatwa, na nyumba vivyo hivyo. Nilikuwa nimeyaona hayo upande wa mjini. Watu wakaanza kuitaja michikichi yao kimoyomoyo. Niliiona midomo ikicheza. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwani mgonjwa lazima apande gari. Ndipo tukakubaliana. Tunataka njia ya miguu na baiskeli, isiyopitisha gari, kutoka mchangani mpaka zahanati. Shirika lingetoa majembe, sururu, na unga wa watakaochimba. Kuipanga, wapi ipite na wapi ikunje, ingekuwa kazi yetu sisi na wenzetu wa juu.

Mtu aliyechaguliwa kuongoza kuipanga alikuwa mume wangu, na lazima nimweleze vizuri, maana yeye ndiye habari yenyewe. Alivuka ziwa akiwa mgongoni mwa mama yake, katika mauaji ya zamani ya Burundi, kabla ya haya ya miaka ninayoisimulia. Mama yake hakuishi sana. Alizikwa kwetu, na mtoto akalelewa na wavuvi, leo nyumba hii, kesho ile, mpaka akapata nguvu ya kuvuta wavu. Kiha chake kilikuwa cha kwetu na Kiswahili chake cha Katonga, soko la samaki la mjini. Neno Mrundi nilikuwa nalisikia siku za mpira tu, alipokosa bao la wazi, na yeye aliwajibu kwa matusi ya kivuvi, wakacheka wote. Karatasi ya kuonyesha yeye ni nani hakuwa nayo. Lakini kijijini kwetu nani alikuwa nayo?

Walimchagua kwa sababu hakuwa na shamba lolote kwenye mteremko ule. Tulilima kipande cha baba yangu, huku huku ufukweni. Mtu asiye na shamba, mwenyekiti alisema, hatapindisha njia ili ikwepe mihogo yake. Alilisema hilo kama sifa, na sote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, kwa majivuno.

Jambo la kwanza aliloliamua ni upana. Bwana wa shirika alikuwa ametaja vipimo vyake, mume wangu akamwitikia kwa adabu, kisha akaenda kuazima machela. Kwetu mgonjwa hubebwa kwenye machela ya kusuka iliyofungwa kwenye miti miwili, mabegani mwa watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Njia iliyotakiwa, basi, ni ile ambayo watu wawili wataipita bega kwa bega bila kusukumana, na kila kona iwe pana kiasi cha miti ya machela kugeuka bila aliye upande wa nje kukanyaga hewa. Alipakia mfuko wa mchanga ndani ya machela, akachukua wenzake watatu, wakaanza kupanda kilima nao. Walipokwama kwenye kona walirudi nyuma, wakajaribu kona nyingine. Siku ya kwanza walipotokeza juu, watu wa huko waliacha majembe wakasimama kimya, wanawake wakajifunga vitenge vizuri, maana waliona msiba unakuja. Walipochungulia wakakuta mchanga, wazee waliwasema vibaya sana. Machela haichezewi. Mume wangu aliomba radhi mpaka jasho likamtoka, na aliponisimulia jioni nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Nilikuwa na sababu ya kucheka siku hizo. Nilikuwa nimeshajua kwamba nina mimba tena. Nilimwambia yeye peke yake. Kuanzia hapo alitoka nyumbani mapema zaidi, na vipande vya njia alivyokuwa anavifikiria alinichorea kwa kidole kwenye majivu ya jikoni.

Kila walipokubaliana mahali pa kupita walichomeka vigingi kuonyesha mstari. Vigingi vya kwanza vilikuwa vya miti mikavu, na havikukaa. Juu kule kuni zilikuwa zimeanza kuwa shida, na mwanamke anayerudi shambani mikono mitupu akikuta kipande kikavu kimesimama chenyewe njiani, atakiacha kwa lipi? Wakachomeka tena, vikaenda jikoni tena. Mume wangu alisema kwa mwendo huo zahanati itafikiwa na moshi kabla ya wagonjwa. Ndipo akafanya ambalo mvuvi yeyote wa kwetu angelifanya. Alikata mibono.

Mbono kwetu ni mti wa ua. Tunakata matawi mabichi, tunayachomeka kuzunguka uwanja wa kuanikia ili mbuzi wasikanyage dagaa, basi. Mchwa hawautaki, mbuzi hawautaki, na ukiutia motoni unakutoa machozi chakula kikiwa bado kibichi. Hakuna ambaye angeiba kigingi cha mbono. Alichomeka mstari wote kutoka mchangani mpaka karibu na ukuta wa zahanati, ukapita kando ya makorongo na katikati ya mihogo ya watu waliokuwa wamekubali njia ipite. Kisha mvua za masika zikaanza, kazi ikasimama, kila mtu akashika jembe lake.

Mbono ukichomekwa wakati wa mvua hauombi ruhusa ya mtu. Unaota.

Na juu kilimani mbono una kazi nyingine. Huko unachomekwa kwenye mpaka wa shamba, mbele ya mashahidi, na ukishashika mizizi maneno yamekwisha, hata wajukuu wataonyeshwa. Unachomekwa pia kwenye kaburi. Sisi wa chini tulikuwa tunalijua hilo kwa kulisikia, lakini halikuwa linatuingia akilini, kwa sababu ufukweni hatuna mashamba ya kuwekeana mipaka. Tuna mchanga, na mchanga ni wa anayewahi. Basi watu wa juu walipomaliza palizi wakainua vichwa, waliona safu ya mibono yenye majani mabichi imeyakata mashamba yao kati kwa kati, ikateremka mpaka ziwani. Wakaulizana ni mpaka wa nani. Wakaulizana aliyechomeka ni nani. Na hapo ndipo nilipolisikia lile neno siku isiyo ya mpira. Ni yule Mrundi, walisema. Mrundi ameweka mipaka.

Siwezi kuwalaumu kwa hofu yao yote. Sokoni na redioni ilikuwa inasemwa kwamba wageni wamekuwa wengi kuliko wenyeji, kwamba kuni zimekwisha na ardhi itafuata. Watu walikuwa wakilala na hofu hiyo kila siku, na sasa waliikuta imechipua shambani. Lakini lilinikera, na linanikera mpaka leo, kwamba hakuna hata mmoja aliyeteremka kumuuliza mwenyewe. Tulipata habari kwa wachuuzi wa mihogo, pamoja na ujumbe kwamba njia imekufa mpaka jambo hilo lizungumzwe.

Mkutano ulifanyika juu, uwanjani mwa zahanati, vijiji vyote viwili. Nilipanda na tumbo langu, lililokuwa limeanza kuonekana. Wazee walisalimiana, Mwakeye, Mwakeye, wakasema maneno ya kuzunguka. Kisha akasimama mama mdogo wangu.

Mstari ulikuwa umepita kwenye mihogo yake. Alisema mipaka ya shamba lile iliwekwa na marehemu mumewe, mbele ya watu ambao wengi wao nao wamekufa, na kwamba tangu afiwe amelala na wasiwasi wa shemeji zake, kila mmoja akilitazama shamba. Alisema haikatai njia. Yeye mwenyewe ana magoti mabovu. Lakini hataki siku moja mtu asimame na kusema mibono hii ilipandwa na fulani, basi hapa ni pa fulani. Aliyeichomeka aing'oe kwa mkono wake. Na aseme yeye ni nani, watu wasikie.

Hapo ndipo lilipokaa jambo ambalo mgeni asingeliona. Mama mdogo wangu ni mama mkwe wa mume wangu. Hawakuwahi kula pamoja wala kutazamana usoni. Walisalimiana kwa mbali, mmoja macho huku, mwingine macho kule, kama inavyotakiwa. Mkwe akikutaka jambo mbele ya watu, huna la kubishana naye. Angekuwa amesema mtu mwingine yeyote, mume wangu angesema kigingi ni kigingi tu, angewasimulia habari za kuni na moshi, angewachekesha mpaka jambo likaisha. Yule mwanamume alikuwa na maneno. Lakini kwa mkwe, mdomo wake ulifungwa.

Nilimtikisia kichwa kutoka upande wa wanawake. Aling'oe hilo tawi, sawa, ila asiseme. Aliniona, na akatazama chini. Akaenda kwenye mbono uliokuwa karibu, akaung'oa, mizizi yake bado myeupe, akausimamia.

"Mimi ni mtu wa kuja," alisema. "Nilikuja nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Sina ardhi hapa, na sidai. Hivi vilikuwa vigingi vya njia."

Watu wakashusha pumzi. Mwenyekiti wa juu alimshukuru kwa uungwana wake. Mama mdogo alikaa chini akakunja kanga miguuni, uso umelegea, na kabla ya jua kugeuka vijana wa pande zote walikuwa wanang'oa mibono na kuweka mawe yaliyopakwa chokaa badala yake. Njia ilikuwa imepona. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa mimi.

Tukiwa tunateremka nilimsema. Nilimwambia amejivua nguo uwanjani. Nilimwambia mama yake amelala kwetu, yeye amelelewa kwetu, amenioa mimi, na mtoto wetu angezaliwa kwetu, sasa huyo mtu wa kuja ni nani? Aliniacha niseme mpaka tukafika kwenye korongo kubwa, akanishika mkono kunivusha.

"Nataka wewe ufike zahanati," alisema. "Wakishachimba, waniite wanavyotaka."

Nilimwachia mkono, nikatangulia. Nilinuna mpaka chakula cha jioni.

Wakachimba. Wa juu walianza kwao na wa chini kwetu, tukutane kwenye korongo. Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama, lazima niseme. Watu waliokuwa wanaitana Mrundi na wezi wa mipaka sasa waligombania sururu moja na kucheka. Mume wangu alipita huku na huku na ile machela yake, safari hii na mfuko wa unga ndani, akizijaribu kona. Ilipobaki korongo peke yake, lenye kungoja magogo ya daraja, ikatoka amri.

Amri ilisema watu wote waliovuka kutoka Burundi waende makambini, wakakae huko. Haikutenga wa juzi na wa zamani. Tuliisikia kwenye redio ya jirani, na nilikuwa na hakika haimhusu. Yeye pia. Aliketi akala, sururu imeegemea ukuta, tukazungumza habari za magogo na nani ana shoka zuri.

Askari tulizoea kuwaona wakija kwa boti, na boti unaiona mapema. Safari hiyo walitokea juu. Waliacha malori zahanati wakashuka kwa miguu kwenye njia yetu, wakavuka korongo kwa kushikana mikono, wakaingia kijijini kwa nyuma, kupitia michikichini. Mmoja wao aliisifia njia yetu mbele ya mwenyekiti. Sitasema kwamba walitupiga, hawakutupiga. Walitukusanya mchangani, wakamtaka mwenyekiti na wazee waseme, kwa kila aliyetiliwa shaka, kama ni mwenyeji. Wengi walitetewa, na wakaambiwa wakae pembeni. Bibi mmoja aliyevuka akiwa msichana alitetewa na wanawe wakubwa, akaachwa.

Ilipofika zamu ya mume wangu mwenyekiti alisema huyu amekulia hapa. Kiongozi wa askari akauliza, amekulia, na asili yake? Mwenyekiti akatafuta maneno. Miongoni mwa watu wa juu walioshuka na askari kuwaonyesha njia kulikuwa na mzee mmoja, mtu mwema, aliyechimba bega kwa bega na mume wangu. Naamini hakusema kwa ubaya. Naamini alidhani anamsaidia mwenyekiti aliyekwama.

"Alisema mwenyewe pale zahanati," alisema. "Ni mtu wa kuja."

Kiongozi akamgeukia mume wangu akamuuliza kama ni kweli aliyasema hayo. Angeweza kukana. Lakini vijiji viwili vilikuwa vimemsikia, na nusu yao walikuwa wamesimama pale mchangani wakitazama miguu yao. Akasema ndiyo, aliyasema.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilisema huyu ni mume wangu, nikashika tumbo langu nikawaonyesha, nikasema kaburi la mama yake liko pale nyuma ya michikichi, njooni mlione. Kiongozi alinisikiliza mpaka mwisho, na huo utulivu wake uliniudhi kuliko kama angenitukana. Akasema kaburi linaonyesha alikozikwa mama, halionyeshi alikozaliwa mwana. Kuhusu mimi, kwa kuwa ni raia, naweza kubaki.

Waliwapandisha kwa njia. Watu wa kwanza kuipanda yote, kutoka mchangani mpaka zahanati, walikuwa hao waliokuwa wanaondolewa. Nilifuatana naye mpaka korongoni. Mwendo wote alizungumza habari za njia tu, kona hii inateleza, jiwe hili litolewe kabla ya mvua, na mimi nilikuwa nachemka, nilitaka aseme jambo juu yetu sisi wawili, aape, alie, chochote. Kwenye korongo askari akaniambia nirudi. Mume wangu akaniwekea mkono kichwani.

"Wabebaji wawe wanne," alisema. "Usikubali wawili. Kona ya juu inataka wanne."

Walinibeba wanne. Wawili wa chini na wawili wa juu, maana daraja la magogo lilikuwa limeshawekwa na wa juu walikuja kunipokea. Hakuna aliyekanyaga nje ya njia hata kwenye ile kona. Binti yangu alizaliwa zahanati kabla ya adhuhuri, akalia, na hakuacha kulia mpaka muuguzi akacheka. Mimi nililia naye. Muuguzi alidhani ni furaha, na furaha ilikuwamo.

Mama mdogo alikuja na uji wa ulezi. Alikaa ukingoni mwa kitanda bila kunitazama. Aliniambia alikuwa analinda shamba tu, hakujua anafukuza mtu. Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyapanga kwa miezi. Nikayameza pamoja na uji. Baadaye alivaa nguo zake za kanisani tukateremka mjini pamoja, mara nyingi kuliko magoti yake yalivyotaka, akasimama mbele ya meza za watu wakubwa akisema yule ni mkwe wake na anamtaka arudi. Mwenyekiti naye alikwenda. Kila meza ilitujibu kwa upole kwamba mtu mwenyewe alikiri.

Njia inatumika. Mawese yanashuka kwa baiskeli, mihogo inashuka, dagaa wanapanda, wajawazito wanapanda. Hakuna mwingine kijijini kwetu aliyezalia botini tangu hapo. Watu wakiisifu huniangalia, wakitarajia niseme neno jema, na mimi huwauliza bei ya maharage. Naipita kwa sababu nafanya biashara na sina nyingine.

Ruhusa ya kwenda kambini ilichelewa sana. Nilipoipata, binti yangu alikuwa anatembea na kusema, tena ana mdomo kama mimi. Nyumbani nilikuwa nimemwambia kila siku kwamba tunakwenda kwa baba, akaitikia, lakini neno baba kwake lilikuwa jina la mahali. Tulipita safu za nyumba za udongo zinazofanana, nikauliza, nikauliza tena. Watu wa pale walimjua kwa jina la Mtanzania. Kirundi chake kilikuwa kinawachekesha, walisema, na hata kilima alikozaliwa, ambacho kila Mrundi hukitaja, hakijui.

Tulimkuta mlangoni anashona nyavu ambazo hapakuwa na ziwa la kuzitupa. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza mvi. Hakukimbia. Alisimama, akaweka nyavu chini. Nikamsukuma mtoto mbele aende akamsalimie baba yake. Akarudi nyuma akakamata kitenge changu, akamtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kisha akaniuliza kwa sauti ya wazi kabisa.

"Mama, mgeni huyu ni nani?"

Nikafungua mdomo nisahihishe, mume wangu akaniwahi. Alichuchumaa mbele yake, akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani.

"Mgeni ni wewe, mwanangu," alisema. "Mimi hapa ni mwenyeji."

Akasogeza nyavu pembeni, akatukaribisha ndani.